Uso wa Bibi Yangu Kwenye Filamu za Masika

Nilimwona bibi yangu akiwa mchawi siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye kompyuta ya mkuu wetu wa vipindi. Alikuwa ameketi jikoni kwake, jiko ninalolijua kuliko jiko langu mwenyewe, akikoroga chungu. Akainua uso taratibu akatutazama. Macho yake yalikuwa mekundu kupita kiasi, yakiwaka, kwa sababu kuna mtu alikaa mahali fulani akayaongezea rangi. Sauti nzito ya mwanaume ikasema, "Anawajua watoto wako kwa majina." Kisha maandishi yakajaa kioo kizima: Masika hii, katika kumbi zote za sinema.

Mkuu wa vipindi akasimamisha video pale pale, akanigeukia na uso wa furaha.

"Hii ndiyo ya kufungulia kipindi Jumamosi," alisema. "Imechezwa huku huku kwetu. Watu watapiga simu mpaka tushindwe kuzipokea."

Nilikuwa natazama kidole gumba cha bibi kilichoshika mwiko. Kina kovu la panga alilojikatia akichonga mpini wa jembe kabla mimi sijazaliwa. Walibadilisha macho, lakini kile kidole walikiacha.

Wakati huo nilikuwa mtangazaji wa redio moja ndogo hapa Kahama. Studio yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kata ya Nyasubi, na mtu akikata bati huko chini ilibidi nisubiri amalize ndipo nirekodi. Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa na nusu saa ya kuwaeleza wasikilizaji filamu zinazokuja. Kahama hakuna ukumbi wa sinema, na anayetaka kukaa kwenye kiti cha kukunjuka gizani lazima apande basi hadi Mwanza. Wenzangu walinitania kwamba natangaza karamu za watu wengine.

Lakini watu walisikiliza. Wachimbaji walinipigia kutoka maduarani huko Geita, wakiwa wametoka kwenye mashimo yao kupumua, wakiuliza kama ile ya wanajeshi itakuwa na sehemu ya pili. Wenye mabanda ya video walikaa na kalamu ili wajue cha kutafuta. Masika ndiyo ilikuwa msimu wangu mkubwa. Pasaka na Idi zinakaribiana miaka hii, na watengenezaji wa filamu hupanga kuzindua kazi zao humo, hivyo kuanzia mwezi wa pili vionjo, zile video fupi za kuzitangaza, vilimiminika kwenye simu yangu. Nilivitazama vyote. Nilijivunia kwamba sikuwahi kuisifia filamu ambayo kionjo chake sikukiona kwa macho yangu.

Sasa nilikuwa nimekiona hiki.

"Huyo ni bibi yangu," nilimwambia mkuu.

Akacheka. "Acha utani."

"Mzaa mama yangu. Hilo ni jiko lake, kijijini, mbele ya Songwa. Mimi ndiye niliyewapeleka."

Kicheko kikakatika. Akaitazama picha, akanitazama mimi, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo yakinijia nikiwa nafua naacha kufua.

"Basi hongera. Bibi amekuwa staa. Si ni sinema tu?"

Ni kweli kwamba mimi ndiye niliyewapeleka, na lazima nilieleze hili bila kujitetea.

Kiangazi cha mwaka uliotangulia, mwongozaji mmoja wa filamu alikuja redioni kwetu. Alikuwa mtu mpole, mwenye kizibao chenye mifuko mingi, na alinisikiliza nilipozungumza, jambo ambalo pale ofisini sikulizoea. Aliniambia anatengeneza filamu ya mwanamke mzee wa Kisukuma anayemlea mjukuu na kumfundisha kulima pamba. Anatafuta kijiji halisi na uso halisi. Nilisisimka. Miaka yote nilikuwa natangaza sura za watu wa mbali, na sasa mtu alikuwa anaomba sura ya kwetu.

Tulikwenda watu wanne kwa gari lake. Bibi alitupokea kwa maziwa ya mgando na kuku aliyemchinja mwenyewe. Mwongozaji alimwamkia kwa Kisukuma nilichomfundisha njiani, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, na bibi akafurahi, akamwita mwanangu. Wakapiga picha mchana kutwa. Walimrekodi shambani, walimrekodi akipepeta mtama, kisha wakamtaka akae jikoni, akoroge chungu na kuinua uso.

"Nicheke?" aliniuliza bibi kwa Kisukuma.

Nikatafsiri. Mwongozaji akatikisa kichwa. "Hapana, asicheke. Aangalie tu."

Kule kwa bibi, wilayani Kishapu, miti ni ya kutafuta. Bibi hupikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, na moshi wake unauma hata ukiwa mlangoni. Ameuvuta miaka zaidi ya sitini. Macho yake ni mekundu kwa sababu hiyo, kama yalivyo ya mama yake na ya wanawake wengi wa rika lake kijijini. Siku ile walimkalisha mbele ya moshi huo kwa muda mrefu, wakirudia na kurudia, mpaka machozi yakamtiririka. Nilidhani wanatafuta mwanga mzuri.

Mwishoni wakatoa karatasi. Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa tatu, maneno ya kisheria. Niliipitia haraka haraka kwa sababu gari lilikuwa limeshawashwa.

"Wanasemaje?" bibi aliuliza.

"Wanaomba ruhusa ya kutumia picha zako," nilimwambia.

Akachovya kidole kwenye wino, akaweka alama pale nilipomwonyesha.

Sasa nieleze kwa nini maneno "sinema tu" yalinipandisha damu kichwani. Nilipokuwa darasa la nne, nikiishi kwa bibi, tulikuwa na jirani, mwanamke mzee mjane, aliyetupa karanga tukitoka shule. Alikuwa na macho mekundu. Ng'ombe wa mtu mmoja walikufa kwa mfululizo, kisha mtoto wa mtu huyo akafa kwa homa. Watu wakaanza kumtaja yule mjane kwa sauti ya chini. Wiki chache baadaye tulikwenda shule asubuhi tukakuta watu wamejaa uani kwake. Alikuwa amekatwa mapanga mlangoni pake. Sisi watoto tulifukuzwa, lakini nilikuwa nimeshaona mguu wake mmoja na ndala. Hakuna aliyefungwa. Mvua za mwaka ule ziliponyesha, watu walilima shamba lake.

Kwa hiyo mtu anapochukua uso wa bibi yangu, akautia wekundu machoni, akasema unawajua watoto wenu kwa majina, halafu akausambaza kwenye simu za watu wa Shinyanga na Geita, mimi siwezi kuiita sinema tu.

Nilimpigia mwongozaji mchana ule ule. Alipokea kwa uchangamfu.

"Dada yangu! Umeona kionjo? Si kimetulia?"

"Umemfanya bibi yangu mchawi."

"Ni mhusika, dada. Hadithi ilibadilika. Waliotusaidia kuitengeneza walitaka kitu chenye kuvutia zaidi. Kijana mchimbaji anatafuta dhahabu, anakwenda kwa bibi wa kijijini. Ule uso wa bibi una nguvu sana, isingefaa kuupoteza kwenye filamu ya kilimo."

"Uliniambia ni filamu ya kilimo."

"Alisaini, dada. Na wewe ulikuwepo."

"Unajua huku bibi wenye macho kama yake wanafanywa nini?"

"Ndiyo maana filamu ina ukweli," alisema. Alisema hivyo hasa, na sauti yake haikubadilika. Kisha akaongeza kwamba angenihifadhia viti viwili vya mbele siku ya uzinduzi Mwanza, mimi na bibi, na gauni la kitenge angelilipia yeye.

Nikakata simu. Msichana wa mapokezi alinishika mkono akaniuliza nani amefariki.

Mkuu wa vipindi hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa ameshawaahidi wenye filamu. Kionjo kingerushwa sauti yake mara sita kwa siku, na mimi ningekisimulia Jumamosi. Aliniambia kama moyo wangu hauwezi, atasoma mwenzangu. Nikamwambia nitasoma mimi. Kisha nikaomba ruhusa ya siku mbili.

Jumatano asubuhi nilishuka Songwa, nikapanda bodaboda hadi kijijini. Nilijua nimechelewa kabla sijafika kwa bibi. Pale bombani palikuwa na wanawake watano wakichota maji, wanaonifahamu tangu nikiwa mdogo. Nikawaamkia. Waliitikia huku wakitazama ndoo zao. Mmoja akamvuta mtoto wake nyuma ya kanga. Simu zilikuwa zimenitangulia.

Bibi alikuwa peke yake shambani, akipalilia pamba. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunyoosha mgongo.

"Siku tatu watoto hawaji kuchukua maziwa," alisema. "Mjukuu wa jirani nilimwita jana, akakimbia mpaka akaanguka. Kuna nini, mayu? Nimewakosea nini?"

Kumbe hakuna aliyemwambia. Kijiji kizima kilikuwa kimemwona isipokuwa yeye mwenyewe.

Tuliketi kwenye tuta. Nilitoa simu nikamwonyesha. Aliisogeza karibu sana na uso, kwa sababu haoni vizuri. Alijitambua mara moja, akatabasamu. Kisha nikamtafsiria yale maneno, yote, safari hii bila kuruka hata moja. Tabasamu likamwisha. Akarudisha simu mapajani pangu kama kitu kichafu.

Nilitegemea alie. Nilikuwa nimejiandaa kumkumbatia.

"Wewe ndiye uliyenitafsiria," alisema. "Wao siwajui. Sikuelewa walichosema. Nilikusikia wewe. Uliniambia picha. Uliniambia nisicheke."

"Bibi, na mimi nilidanganywa."

"Ulisoma ile karatasi?"

Nikaizima simu.

"Mimi sikusoma kwa sababu sijui kusoma," alisema. "Wewe tulikusomesha ili iweje?"

Akachukua jembe akaendelea kupalilia. Nilichukua jembe la pili nikapalilia mstari wa pembeni yake mpaka jua lilipokuwa la utosi. Hasira niliyokuja nayo kutoka Kahama ilikuwa ya mwongozaji na ya mkuu wangu. Pale shambani nusu yake ikanigeukia mwenyewe, na ilistahili.

Alipomaliza mstari alisema, "Twende kwa mwenyekiti. Sitakaa ndani kungoja waamue."

Mwenyekiti wa kijiji hakutaka kuitisha mkutano. Alisema tutawasha moto ambao haupo. Bibi akamuuliza kwa nini basi mke wake amekataa maziwa yake. Mzee wa watu akakubali. Alasiri ya siku iliyofuata akaitisha mkutano chini ya paa la ghala la pamba, na kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, akasimama mlangoni na wenzake ili pasitokee fujo.

Watu walikuwa wengi, na hakuna aliyekaa benchi la bibi. Alikuja na kile chungu kichwani. Akakiweka chini katikati ya watu, akasimama pembeni yake.

"Niangalieni," alisema kwa Kisukuma. "Si mnapenda kuniangalia kwenye simu? Niangalieni nikiwa hai." Akawageukia wanawake. "Wewe, nilikuzalisha mtoto wako wa pili, njia ikiwa imefungwa na maji. Wewe, tulichuma pamba pamoja tukiwa wasichana. Macho yako yana rangi gani? Njoo hapa tusimame pamoja watu watulinganishe."

Yule mwanamke hakusogea. Bibi akamsubiri. Ghala zima likamsubiri. Mwishowe akainuka, bibi kizee mwenye mkongojo, akaja akasimama. Wakafuata wengine wawili. Macho yao yote yalikuwa mekundu.

"Mjukuu wangu," bibi akaniita, "waambie chunguni palikuwa na nini siku ile."

Nikasimama. Nikasema palikuwa na michembe, viazi vikavu vya kawaida, na karanga. Nikasema mwongozaji alikula bakuli mbili, akaomba ya tatu. Nikasema mimi ndiye niliyewaleta watu wale, mimi ndiye niliyetafsiri nusu nusu, na kwamba kama kijiji kina mtu wa kumlaumu, nipo hapa. Watu kadhaa walicheka waliposikia habari ya bakuli tatu. Mwenyekiti akashusha pumzi.

Lakini mwanaume mmoja wa makamo aliyeegemea nguzo hakucheka. Aliuliza, "Kama si kweli, kwa nini walimchagua yeye?"

Nilimtazama usoni ili nimkumbuke. Nilielewa kwamba unaweza kuwasimamisha wanawake kumi mbele ya mtu wa namna ile na bado akaondoka na swali lake.

Jumamosi nikawa studio. Nilikuwa na filamu nne za kueleza. Tatu nilizisema kama kawaida: ya mapenzi, ya polisi, ya watoto na mbwa wao. Mkuu wa vipindi alikuwa upande wa pili wa kioo, mikono kifuani. Nilipofika ya nne nilichukua zile karatasi alizoniandalia, nikaziweka chini.

Nilisema, "Filamu ya nne mmeshaiona kwenye simu zenu. Yule bibi mwenye chungu ni mzaa mama yangu. Hakuambiwa kwamba anaigiza mchawi. Aliambiwa anaigiza mkulima, na aliyemwambia hivyo ni mimi." Nikaeleza moshi wa kinyesi cha ng'ombe. Nikaeleza habari ya jirani yetu wa karanga na ndala yake. Kisha nikarudia yote kwa Kisukuma, kwa sababu niliowalenga hawasikilizi Kiswahili wakiwa na hasira.

Mkuu alikuwa anapunga mikono. Fundi mitambo alimtazama, akanitazama mimi, kisha akainama kufunga kamba ya kiatu na hakuinuka mpaka nilipomaliza.

Simu zikaingia. Mchimbaji mmoja kutoka upande wa Geita alisema mama yake ana macho hayo hayo, na kwamba tangu aondoke nyumbani haendi kulala bila kumpigia. Mwanamke wa Nyahanga, hapa hapa Kahama, alilia tu, akashindwa kusema, akakata. Mwingine, kijana, alisema naharibu soko la filamu za nyumbani, nimeona wivu. Nikamwacha aseme.

Jumatatu nilikabidhiwa barua. Kipindi changu kilipewa mtu mwingine, na mimi nikahamishiwa kusoma matangazo ya vifo. Nilikaa wiki mbili, nikaacha kazi.

Kionjo kilibadilishwa. Waliondoa uso wa bibi, wakabakiza mkono na chungu. Watu wengi walinipongeza kwamba nimeshinda. Mimi nilipanda basi hadi Mwanza wiki filamu ilipoingia ukumbini, nikakaa safu ya nyuma. Kwenye filamu yenyewe hawakuondoa chochote. Uso wa bibi ulijaa ukuta mzima, mkubwa kuliko nyumba yake, na watu wakapiga kelele za hofu, wakacheka, wakamwagiana bisi. Msichana aliyekuwa pembeni yangu alifunika macho akasema, "Jamani, huyu bibi ni nogi, mchawi kweli kweli." Nilisimama katikati ya filamu nikasema kwa sauti kwamba huyo ni bibi yangu. Watu wakaniambia nikae chini. Mhudumu mwenye tochi akaja akanitoa kwa adabu.

Nilimleta bibi kwangu Nyahanga, nikidhani atakuwa salama. Alikaa wiki tano. Alisema chumba kinanuka rangi, hakuna mahali pa kutemea mate, na majirani wanajifungia. Siku moja wale wanawake watatu waliosimama naye ghalani walifika na kamanda wa sungusungu, wakasema pamba yake imepasuka na inaharibika, na kwamba wamepanga zamu ya kulala kwake. Akafunga mzigo wake kabla hawajamaliza chai. Alinipa mkono kuniaga. Mkono tu.

Baadaye niliandika malalamiko kwenye ofisi inayohusika na filamu. Walituita wote wawili, mimi na mwongozaji. Alikuja na kizibao kile kile. Mbele ya maofisa alisema amesikitika kama familia ilijisikia vibaya, akaninyooshea mkono.

"Mimi siye uliyemkosea," nilimwambia. "Panda basi, shuka Songwa, uliza bodaboda yeyote. Mwambie yeye, na mjukuu wake atakutafsiria neno kwa neno."

Alisema atakwenda, ratiba ikiruhusu. Maofisa waliandika hivyo kwenye faili wakalifunga. Hilo lilikuwa kiangazi. Sasa masika nyingine imeingia, magari yanakwama barabarani, na filamu nyingine zinatangazwa na mtu mwingine Jumamosi asubuhi. Kila ninapompigia bibi namuuliza kama kuna mgeni aliyefika. Anasema hapana, kisha ananiuliza kama nimeshapata kazi.